Kusoma Moshi

Wiki ishirini na sita, gramu mia saba na arobaini:
pakiti ya unga wa kilo ingemzidi.
Kibandiko mguuni kinasema *Mtoto wa Mbeyu*,
kwani jina la babu halitolewi haraka kwao Langobaya,
lisije likazikwa mara mbili.

Damu yake yote haijazi vikombe viwili vya kahawa,
vile vidogo vya barazani hapa Malindi.
Na sisi kila alfajiri tulimchoma kisigino
tukakamua tone, na jingine, na jingine,
kuiuliza damu: hewa ya ukaa imefika wapi?
Kisigino chenyewe ni punje ya kunde.
Sauti ya kulia hana, mpira umepita kooni.
Alikunja uso tu, kama mzee aliyelamba ndimu.

Aprili kikaja hiki kidude, kimoja kwa wodi nzima:
kisahani mfano wa shilingi, chenye joto la homa.
Unakibandika kifuani, ngozi inalegea,
na hewa inayovuja humo inageuka nambari.
Hakuna sindano.
Ila ngozi yake ni utando wa maziwa yaliyopoa,
basi kila saa mbili nakihamisha,
kifua, tumbo, paja,
na kila kinapobanduka kinaacha duara jekundu.

"Ukaa?" Mbeyu aliniuliza siku ya tatu,
kashika ukuta, mshono wa tumbo bado mbichi.
"Ukaa wa makaa?"
Nikasema ndiyo. Nikajuta.
"Ni kweli nachoma makaa, mimi na mume wangu.
Lakini moshi wangu umemfikiaje humu ndani?"

Maneno ya darasani yakanikimbia.
Nikamwambia kila mwenye uhai ni tanuri.
Hata huyu anaungua, polepole, ndiyo maana ana joto,
na moshi wake sharti utoke.
Ukimjaa, damu inachachuka.
Na mashine ikimpepea kwa pupa, ukatoka wote,
mishipa ya ubongo inajikunja, na ubongo...
Hapo nikanyamaza.

Akamalizia yeye.
"Tanuri hulifungui.
Ukilifungua uchungulie, umepoteza magunia.
Unalifukia kwa majani na udongo, unaacha vitundu,
unakesha ukiusoma moshi.
Mweupe mzito, mti bado unatoa maji.
Wa buluu, mwembamba, ziba.
Upepo ukizidi, unaamkia jivu."
Akakiinamia kioo. "Moshi mzuri ni nambari gani?"

Arobaini na tano hadi hamsini na tano.
Barua hajui kusoma. Pesa anazijua.

Alhamisi umeme ulikatika, jenereta ikakohoa, ukarudi.
Mimi nilikuwa kwa pacha wa Ganda, nikitafuta mshipa.
"Sista! Thelathini na nne! Upepo umezidi!"
Nikakimbia. Mashine ilikuwa imejirudia kwenye kasi yake ya zamani.
Kwa kisigino ningelijua alfajiri,
jivu likishapoa.
Nikapunguza pumzi.
Thelathini na sita.
Thelathini na sita.
Thelathini na tisa. Hakuna aliyesema kitu.

Hapafuki moshi pasipo moto, husema watu
wakimaanisha umbea.

Saa kumi usiku nikakihamisha tena.
Duara la kifuani lilikuwa limefifia, la tumboni bado.
Mbeyu akasogeza kidole karibu nalo, asiliguse;
ukuchani mstari mweusi
ambao sabuni ya wodi imeshindwa kuutoa.
"Arobaini na saba," akasema, akavuta kiti.
"Kwetu tanuri kubwa ni siku tisa. Hili?"

Wiki kumi na tatu, nikasema. Tukijaliwa.

Akajifunga leso upya, akakaa upande wa vitundu.